Kutengeneza siti ya dereva iliyozama: Toyota Corolla 110 na magari ya rika lake

Kwenye Corolla 110, kama ilivyo kwa magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990, siti ya dereva ndiyo hufa kwanza, na huanzia upande wa mlango. Kila anayeingia hukalia ukingo huo kabla ya kujivuta katikati, na akishuka huukandamiza tena. Sponji inamegeka, springi zinakatika, dereva anabaki amekaa upande. Wengi hutupia mto juu wakaendelea na safari. Mto ni hatari: breki ya ghafla inauteleza, na mkanda wa kiunoni unapanda tumboni badala ya kukaa kwenye nyonga.

Kabla hujagusa spana, elewa mpaka wa kazi hii. Sehemu zinazobeba uzito tu, yaani springi, sponji na kitambaa, zinatengenezeka vizuri. Sehemu zinazofunga, yaani meno ya reli, kifaa cha kulaza mgongo na mahali kifungio cha mkanda kimeshikiliwa, hazichomelewi. Zikiharibika unabadilisha. Meno hayo ni chuma kilichokomazwa kiwandani, na moto wa weldi unakilainisha. Yataonekana mazima huku hayashiki. Angalia pia kifungio cha mkanda: kikiwa kwenye fremu ya siti, gari likigongwa uzito wako wote unavuta reli na bolti zake.

Hatua ya 1: Jua kilichokufa

Shika mgongo wa siti kwa juu, uutikise mbele na nyuma. Ukicheza pale unapoungana na kikalio, tatizo ni kifaa cha kulaza. Siti yote ikicheza kutoka sakafuni, ni bolti zilizolegea au reli zilizolika. Ikiwa haichezi lakini unazama, ingiza mkono chini na umulike kwa tochi: utaona springi yenye umbo la nyoka ikining'inia upande mmoja, au unga wa sponji kwenye kapeti. Huo unga maana yake waya unaisaga sponji, na kubadilisha sponji peke yake hakutasaidia.

Hatua ya 2: Kuitoa

Zima gari, fungua tamino hasi ya betri, usubiri angalau sekunde 90. Ukikuta plagi ya njano chini ya siti, hiyo ni ya mfuko wa hewa au kikaza mkanda, yaani kifaa kinachouvuta mkanda gari likigongwa. Ichomoe kwa mkono na usiipime kwa taa wala mita. Usiwashe swichi ya gari ikiwa imechomolewa, la sivyo taa ya mfuko wa hewa itabaki inawaka hadi ifutwe kwa mashine.

Sogeza siti nyuma kabisa, toa vifuniko vya plastiki, fungua bolti mbili za mbele kwa soketi namba 14 yenye mkono mrefu. Isogeze mbele, fungua mbili za nyuma. Bolti yenye kutu usiilazimishe. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, uiache hata usiku mzima, kwa sababu nati yake imechomelewa chini ya sakafu na ikizunguka pamoja na bolti utalazimika kukata kapeti.

Ng'oa kiegemeo cha kichwa, laza mgongo, tandika blanketi kwenye kizingiti cha mlango, kisha uitoe. Siti ikiwa nje usivute kabisa wenzo wa kusogeza. Reli moja ikiteleza kuliko nyingine, matundu hayatalingana na sakafu wakati wa kurudisha.

Hatua ya 3: Kuvua kitambaa

Piga picha kila upande kwanza. Fungua kifuniko cha plastiki cha pembeni na wenzo wa kulaza, kisha bolti zinazounganisha kikalio na mgongo. Geuza kikalio. Kingo za kitambaa zimenaswa kwenye fremu kwa utepe wa plastiki wenye umbo la ndoano, nao unatoka ukiusukuma kwa bisibisi bapa. Katikati, kitambaa kimevutwa kwenye mifereji ya sponji kwa pete ndogo za waya. Zikate kwa plaizi, lakini vijiti vya waya vilivyo ndani ya mshono vihifadhi: ndivyo vinavyoipa siti umbo lake.

Hatua ya 4: Springi na fremu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibiwa. Springi ikikatika, karibu kila mara imekatikia kwenye kona, pale inapoingia kwenye kishikio chake. Fundi asiyejali ataiunga kwa weldi. Chuma cha springi kikichomwa kinakuwa kikavu kama kioo pembeni mwa kiungo, na kitakatika tena hapo hapo kando ya weldi. Tafuta springi ya siti iliyokufa yenye unene uleule wa waya na idadi ileile ya mikunjo, uipachike nzima. Kila inapoingia kwenye kishikio, ivishe kipande cha mpira wa paipu ya petroli uliopasuliwa kwa urefu. Bila hicho, chuma kwa chuma kitalia kila unapopita kwenye tuta.

Kishikio chenyewe kikiwa kimeng'oka, au bomba la fremu ya kikalio limepasuka mbali na reli, hapo weldi inaruhusiwa, baada ya kutoa sponji na kitambaa chote. Sponji inashika moto haraka na moshi wake ni sumu. Safisha rangi kwa grenda hadi chuma king'ae. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, ujaze ufa, kisha uwekee kiraka cha bati la milimita 2 kinachozidi ufa kwa sentimita 3 kila upande. Fremu ni nyembamba: tumia fito za weldi za milimita 2 kwa moto mdogo, ampea 40 hadi 60, na uchome vipande vifupi ukipumzisha. Fito za 2.5 zinatoboa. Paka rangi ya kuzuia kutu.

Ufa ukiwa kwenye mgongo, karibu na kifaa cha kulaza, tafuta siti nyingine. Mgongo huo ndio unaokuzuia ukigongwa kwa nyuma.

Hatua ya 5: Sponji

Juu ya springi tandaza turubai au gunia la katani, tabaka mbili, ulishone kwenye fremu. Tabaka hili linazuia waya usile sponji mpya.

Sponji ya godoro la kawaida haifai, italala baada ya muda mfupi. Omba sponji ngumu ya vipande vilivyogandishwa, unene wa sentimita 2.5 hadi 5. Usitupe sponji ya zamani yote. Kata sehemu iliyooza tu, kwa kisu kikali, kingo zikiwa wima, na ukate kipande kipya kinachoingia kwa kubana. Paka gundi ya mpira pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isishike kidoleni, ndipo ubandike. Chonga ukingo kwa kisu cha mkate chenye meno, na uache mifereji ya vijiti ilivyokuwa. Sponji ikizidi, mishono itafumuka na kichwa kitakaribia dari.

Hatua ya 6: Kurudisha

Anika kitambaa juani nusu saa ili kilainike. Anza na mifereji ya katikati, fuata mbele, pembeni, na nyuma mwisho. Pete mpya zikikosekana, kunja waya wa mabati, ncha zikitazama chini.

Safisha reli, paka grisi kidogo. Ndani ya gari, anza bolti zote nne kwa mkono kabla ya kukaza hata moja, kisha kaza kwa spana ya kipimo, takribani nyutoni-mita (Nm) 37 kwa Corolla hizi. Rudisha plagi, ndipo ufunge betri. Kaa, sogeza siti kila hatua, usikilize: reli mbili zinapaswa kunasa pamoja. Moja ikichelewa, legeza bolti, sogeza siti mbele na nyuma, ukaze upya. Halafu, gari likiwa limesimama, sukuma mgongo kwa nguvu huku mguu ukikanyaga breki. Isiteleze.

Ukiamua kununua ya mtumba

Iwe Ilala au Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Grogan jijini Nairobi, nenda na vipimo: umbali wa tundu hadi tundu, kwa upana na kwa urefu, kutoka katikati. Hakikisha ni ya upande wa kulia. Ikalie, itikise, vuta wenzo mara kadhaa, na uangalie kutu na tope ndani ya reli. Tope linaashiria gari lililozama majini. Siti yenye plagi ya njano usiweke kwenye gari lisilo nayo, wala kinyume chake. Tundu lisipolingana usitoboe sakafu wala usiunge reli kwa bamba. Tafuta nyingine, au hamisha reli zako za zamani kwenye siti mpya ikiwa bolti zake zinalingana.

Siti ikilia baada ya yote hayo, bonyeza kikalio kwa mkono pembe moja moja. Mlio wa chuma ni springi iliyokosa mpira. Ukilia unapoegemea tu, kagua bolti za mgongo.