Jinsi ya kuchomelea meza ya kazi ambayo haipindi

Wakuu, siku hizi naona mageti, fremu za trela, ngazi, vitanda, kila fundi na kazi yake mpya, mwenye karakana na anayechomelea jumamosi tu nyuma ya nyumba, na nyingi ni kazi za kujivunia kabisa. Ila ukikodoa macho unakuta kona imefunguka kidogo, mguu mmoja unaelea, mlango unagusa fremu juu na chini una mwanya. Mara nyingi mikono haina shida, shida ni kwamba kazi imeshikizwa sakafuni au juu ya matofali. Ndio maana mtu akiniuliza aanze na projekti gani namwambia meza, maana ukishakuwa na meza iliyonyooka kila kitu kingine unachotengeneza kinanyooka kwa urahisi.

Kabla hujawasha mashine elewa kitu kimoja. Chuma kikipata moto kinatanuka na kikipoa kinasinyaa, mita moja ya chuma cha kawaida ikipanda nyuzi 100 inarefuka kama milimita 1.2. Mshono wenyewe unayeyuka kwenye nyuzi karibu 1500, kwahiyo ukipoa unavuta kila kilicho karibu nao, na unavuta kuelekea upande ulikopita na moto. Hilo huwezi kulizuia, unachoweza ni kulipangia, na karibu kila kitu nitakachosema huku chini ni namna ya kulipangia.

Vipimo. Mimi napenda juu iwe sentimita 120 kwa 60, na kimo kama 88, unafanya kazi umesimama bila kuumia mgongo (kama we ni mrefu ongeza miguu). Chukua bomba za mraba za milimita 50 kwa 50 unene milimita 3, mbili za mita 6 zinatosha na kubaki. Kata hivi, kwa sentimita: 120 vipande viwili, 110 viwili, 50 vitano, 82 vinne. Zile 120 ni reli za juu, 50 tatu zinakaa katikati yake, mbili mwisho na moja kati, 82 ndio miguu, na 110 mbili na 50 zilizobaki ni za kufunga miguu huko chini. Bati la juu liwe milimita 6 kama unalipata, jua tu kwamba hilo bati peke yake ni karibu kilo 34 kwahiyo tafuta mtu wa kusaidiana nae. Milimita 3 usiweke, linajikunja ukilichomelea na huwezi tena kulinyoosha.

Kwenye kukata usiwe na haraka. Zile zinazotakiwa kulingana zikate kwa kipimo kimoja, yani ukishakata ya kwanza hiyohiyo ndio iwe kipimo cha nyingine, usipime kila moja upya kwa tepu. Chora mstari pande zote nne za bomba kwa skwea, afu kata upande mmoja mmoja ukizungusha bomba, diski ya milimita 1 ukiilazimisha kupita moja kwa moja inatembea na kipande kinatoka na pembe. Na diski cheki spidi yake iliyoandikwa, za milimita 115 nyingi zimeandikwa 13300, isiwe ndogo kuliko spidi ya grainda yako, na kava usilitoe hata kama linakusumbua.

Baada ya hapo safisha. Kutu, rangi, mafuta, ule weusi wa kiwandani, vyote viondoke sentimita mbili tatu kutoka kwenye kiungo, na pale unapobana klampu ya athi (ule waya wa pili wa mashine unaorudisha umeme) pia pang'ae, watu wanalalamika mashine inakatakata moto kumbe athi imebanwa kwenye kutu. Kama bomba ni galvanaizi, yani limepakwa zinki, saga ile zinki yote kwanza, zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chuma hakijaanza hata kuyeyuka, ule moshi mweupe ukiuvuta jioni unapata homa na kutetemeka. Na kitu ambacho naomba msikichukulie poa, ile spreyi ya kusafishia breki yenye klorini usiilete kabisa karibu na weldingi, mwanga wa moto wetu ukikutana na mvuke wake inatengenezwa fosijeni ambayo ni gesi ya sumu inayoua. Tumia asetoni na uache ikauke kabisa.

Sasa kushikiza, na hapa ndipo meza inapatikana au inapotea. Panga fremu ya juu mahali palipo sawa kuliko pote ulipo napo, bana na klampu, pima kona kwa kona. Kwa 120 kwa 60 kona kwa kona inasoma sentimita 134.2, ila namba yenyewe sio muhimu kama zote mbili kulingana, zikitofautiana hata milimita 2 gonga kona ile ndefu taratibu mpaka zikubali. Afu piga taki (kidoti cha kuchomelea cha kushikizia tu) moja ndogo kila kona, za juu. Pima tena. Utashangaa, taki moja tu imeshavuta! Ndio maana hatuanzi na mshono, taki moja unaweza kuipinda kwa mkono au kuikata na diski kwa sekunde chache, mshono mzima ukishapoa umeshakubali ulichonacho. Zikiwa sawa, piga taki upande wa pili wa kila kona, pima, ndio uende kwenye miguu.

Miguu inasumbua kwa sababu kila mmoja unaweza kuanguka pande mbili, mbele au pembeni. Geuza fremu chali, simamisha mguu, taki ya kwanza weka ndani, skwea ipite pande mbili, sukuma mpaka ikae, afu taki ya pili weka upande unaotazamana na ile ya kwanza ili zivutane zenyewe kwa zenyewe. Miguu yote minne ikishakaa weka zile za kufunga chini, sentimita 15 hivi kutoka mwisho wa mguu, na zikishikizwa tu utasikia fremu imekuwa ngumu. Pima umbali kati ya miguu juu na chini, lazima ziwe sawa. Mpaka hapo hujachomelea hata mshono mmoja na umetumia karibu siku nzima, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa rodi, E6013 ya milimita 2.5 inakutosha kwa fremu yote. Ile 60 maana yake chuma cha mshono kinahimili mvuto wa pauni 60000 kwa inchi ya mraba, na ile 1 inasema inaenda pozisheni zote, kwahiyo msiidharau kwa sababu tu ni ya kawaida. Ampea anzia 70 mpaka 80 kwenye bomba la milimita 3, ujaribu kwanza kwenye vile vipande vilivyobaki. Rodi ikiganda kila ukigusa ongeza, ikitoboa au ukaona mfereji umechimbika pembeni mwa mshono punguza. Ncha ya rodi iwe karibu, umbali kama unene wa waya wake, ukiinua unapata cheche nyingi na vitundu. Lalisha rodi nyuzi 10 mpaka 15 kuelekea unakoenda mkono wako, uwe unaivuta, na macho yaangalie lile dimbwi la chuma kilichoyeyuka nyuma ya moto, sio mwanga wenyewe. Gamba, ule ukoko unaobaki juu ya mshono, ligonge lote na brashi ya waya ipite kabla hujapitisha mshono mwingine juu yake, maana gamba ukilifukia ndani hapo hapashiki.

Mpangilio: usimalize kona moja. Chomelea upande mmoja wa kona hii, ruka kona ya mshazari, upande mmoja, ruka tena, ukizunguka hivyo kila kona inapata muda wa kupoa. Na geuza meza ili kila mshono uuchomelee ukiwa umelala, kuchomelea wima kwenye bomba jembamba ni ujuzi mzuri ila sio lazima ujifunzie kwenye meza yako. Mwisho za bomba ukitaka kuziziba na bati dogo, toboa kwanza katundu ka milimita 4 mahali pasipoonekana, hewa ya ndani ikipata moto inatafuta pa kutokea na itapuliza mshono wako wa mwisho. Chini ya miguu weka bati lenye nati ya M12 na bolti, utasawazisha popote utakapoiweka.

Bati la juu usilizungushie mshono mzima tafadhali. Kwa chini, vipande vya sentimita 3, acha 15, kingine, ukianzia katikati kwenda nje, ukibadilisha pande. Panda mpaka ampea 85 na moto uuelekeze zaidi kwenye bati maana ni nene kuliko bomba, ukisahau bomba litatoboka.

Kioo cha helmeti kiwe namba 10 au 11. Macho yakichomwa hayaumi hapohapo, yanaanza masaa kadhaa baadae kama yana mchanga, kwahiyo hata zile taki za haraka haraka usifumbe macho tu ukapiga. Kichwa kitoe kwenye moshi, na ukimaliza kaa karibu angalau nusu saa uone hakuna cheche iliyojificha kwenye vumbi la mbao au matambara.

Ukitaka kutuonyesha kazi, picha piga kabla ya rangi. Mishono ya kona usiisage ikawa laini, kwenye bomba la milimita 3 unaondoa nguvu na sisi tunaoangalia hatuna cha kukushauri. Weka kona kwa karibu, weka na chini ya bati, andika rodi, ampea na unene wa chuma, na kile kipimo cha kona kwa kona baada ya kila kitu kupoa. Afu miguu ipige praima na rangi, juu paka mafuta mepesi tu, rangi ikikaa juu athi haitashika.