SOMO: Jinsi ya kumpata mkuu wa biashara wa uwanja wa ndege wa umma (usiokote msemaji wa maneno matupu)

Habarini wakuu, wakubwa wangu shikamooni.

Nimekaa kitengo cha utumishi miaka mingi, paneli za usaili nimekalia mpaka viti vinanijua, na katika nafasi zote hii moja ndo imenitoa jasho: mkurugenzi wa biashara wa uwanja wa ndege, yule wa kuleta mashirika mapya, kupangisha maduka, kuchangamsha mizigo na kuhakikisha jengo linaingiza hela. Watu wanaichukulia kama ya afisa masoko mwenye cheo kikubwa. Sio. Naandika kwa walioko bodi na HR za taasisi zetu, ila na wewe unayetaka kuomba soma tu, utajua tunachungulia wapi.

Hatua ya 1: Jua tatizo lako kabla ya kuandika tangazo

Uwanja una mifuko miwili. Wa kwanza ni ada za ndege: kutua, kuegesha, ada ya abiria. Wa pili ni vyote vilivyobaki, maduka, dyuti frii, paking, mabango, ofisi, maghala, ardhi. Kabla ya korona ACI, yaani umoja wa viwanja vya ndege duniani, walikuwa wanasema mfuko wa pili unaleta kama asilimia 40 ya mapato ya viwanja duniani. Sasa kaa na mhasibu wako mpige hesabu ya kwenu ni asilimia ngapi, alafu ndo mrudi tuongee habari ya kuajiri.

Kwa sababu hapa kuna kazi tatu ndani ya cheo kimoja. Kuna mtu wa kuongea na mashirika ya ndege, kuna mtu wa maduka na ardhi, kuna mtu wa mizigo, na binadamu aliyebobea kwenye zote tatu mimi sijamuona, aliyesema anaziweza zote alikuwa anatudanganya angalau kwenye moja. Chagua. Dar pale JNIA, uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu limefunguliwa Agosti 2019 lina uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, hapo unatafuta mtu wa kujaza jengo na kuuza nafasi zilizo ndani yake. KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ambao Novemba 2023 umerudi mikononi mwa TAA (mamlaka ya viwanja vya ndege) kutoka KADCO, kampuni iliyokuwa inauendesha, una watalii wa mlima na mbuga lakini pia umezungukwa na mashamba ya maua na mbogamboga, na kwa miaka mingi mzigo huo umekuwa ukipanda lori unavuka Namanga kwenda kupakiwa Nairobi. Pale mtu wa mizigo anaweza kukulipa kuliko mtu wa maduka. Ni maoni yangu, mnaweza kunipiga mawe.

Hatua ya 2: Makaratasi

Angalia ikama (idadi ya nafasi mlizoidhinishiwa), angalia muundo wa utumishi, omba kibali. Hapa sina la kuongeza, mnajua wenyewe faili linavyotembea.

Hatua ya 3: Tangazo

Toa ile "awe mbunifu, mchapakazi na awe na uwezo wa kufanya kazi kwenye presha". Hakuna mtu aliyewahi kuandika kwenye barua yake kwamba yeye ni mvivu na presha inamshinda. Andika matokeo: ndani ya miezi 18 tunataka huduma mpya kutoka masoko haya, nafasi hizi za biashara ziwe na wapangaji, ghala la ubaridi liwe na mteja. Mwenye uwezo akisoma anaanza kupiga hesabu kichwani, msemaji akisoma anaanza kutafuta maneno.

Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuombea kazi, ni lazima, sawa, lakini unayemtaka huwa haingii pale. Yuko kwenye shirika la ndege anapanga ratiba, yuko kampuni ya kusafirisha mizigo, au anasimamia moli. Mfuate umwambie nafasi ipo, aombe kama wengine. Kumwambia mtu aombe sio rushwa, wenzangu wengi wanaogopa hata hilo. Na kwenye mikutano kama Routes au AviaDev, ambako viwanja na mashirika wanakaa meza moja kujadili safari mpya, bosi wako akienda mwambie asikusanye kalamu na vitenge tu, aangalie nani wa huku kwetu anaheshimika pale.

Hatua ya 4: Mtihani wa hesabu (msiuruke huu hata kwa bunduki)

Huu tumeutumia na ulitusaidia sana. Tunampa karatasi moja, kalkuleta na saa moja.

Shirika linataka kuleta ndege ya viti 200 mara 3 kwa wiki. Viti vinajaa asilimia 75. Tuseme ada ya abiria anayeondoka kimataifa ni dola 40. Shirika linataka tulipunguzie ada ya kutua kwa nusu kwa miaka 2. Utashauri nini?

Karibu wote wanafika hapa: abiria 150 mara 3 mara wiki 52, unapata 23,400, zidisha dola 40 ni dola 936,000 kwa mwaka. Wanapiga mstari chini wanaandika "tukubali haraka sana".

Tuliyemchukua hakupiga mstari. Aliandika swali pembeni kwa penseli: katika hawa 23,400 wapya ni wangapi? Maana kama nusu yao jana walikuwa wanapanda shirika lingine hapahapa kwako, basi ada yao ulikuwa unaipata tayari, umehamisha tu watu kutoka foleni moja kwenda nyingine na juu yake umetoa punguzo. Alafu akauliza je hao mashirika ya zamani wakisikia huyu mgeni amepunguziwa na wao wakaja mlangoni na barua zao? Akashauri punguzo liwe kwa kila atakayefungua safari ambayo haipo, sio kwa jina la shirika, na lipungue mwaka wa pili. Sentensi nne, mwandiko mbaya kweli. Maksi zote.

Hatua ya 5: Mtembeze jengoni

Chukua walioingia tatu bora, kila mmoja na siku yake, mpe dakika 40 jengoni muda wa abiria wengi bila kumwambia atafute nini. Akirudi muulize umeona nini.

Mmoja alituambia rangi ya kuta imepauka. Haya. Mwingine, dada mmoja mpole kabisa, akasema: duka lenu la vitafunwa liko kabla ya ukaguzi, watu pale wana mabegi mikononi na roho juu, hawanunui, wakishapita ukaguzi ndo wanatulia, na huko ndani kuna kibanda kimoja na friji yake imezimwa, nimegusa soda ni ya moto. Akaendelea, nimetoka nje ya uzio nikakuta mama ntilie ana foleni, waliopanga foleni wote wana vitambulisho vya hapa uwanjani, wabeba mizigo, mafundi, walinzi, madereva teksi. Mna mamia ya wateja wanaokuja kila siku ya Mungu na hakuna aliyewahi kuwahesabu kama wateja.

Tulitazamana paneli nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula kwa yule mama.

Hatua ya 6: Dokezo

Hapa ndo nilipoungua. Taasisi moja, jina nabaki nalo, tulimchukua jamaa kutoka sekta binafsi, mkali kweli, ana namba za simu za watu wakubwa mpaka Dubai. Miezi mitatu akaleta mpangaji wa eneo kubwa, wameshapeana mikono, jamaa anauliza asaini wapi. Kaka, hapa ni mali ya umma, kuna tenda, inapita kwenye mfumo, kuna bodi, kuna mwanasheria, malipo yanaingia kwa kontroo namba sio akaunti ya mtu. Mpangaji akachoka akaondoka, jamaa naye akaondoka, sisi tukabaki na kaimu kwa muda mrefu tu. Kosa halikuwa lake, ni letu hatukumpima.

Kwa hiyo siku hizi tunampa kazi ya pili ya maandishi: andika dokezo la kurasa mbili kwa bodi kuomba idhini ya kutangaza eneo fulani, kodi ya chini iwe kiasi gani na juu yake asilimia ya mauzo iwe ngapi, na kwa nini asipangishwe tu wa kwanza aliyebisha hodi. Asiyeweza kuandika dokezo serikalini dili zake zitafia masijala.

Hatua ya 7: Upekuzi na maslahi

Muulize mapema, tena kwa maandishi: wewe, mwenza wako, ndugu zako, mna kampuni inayofanya biashara uwanjani? Wakala wa mizigo, teksi, duka, chochote. Sio kosa kuwa nayo, kosa ni sisi kuja kuisoma gazetini.

Ni hayo, karibuni maswali.

---

MASWALI YA WADAU

Mtoto wa Kiwalani: Mkuu somo zuri ila tuache utani, kimemo kikishuka kutoka juu hiyo kalkuleta yako inafanya nini?

Jibu: Kimemo kinashuka, siwezi kukudanganya. Ninachofanya karatasi zinasahihishwa kwa namba sio majina, na wa kimemo anafanya mtihani uleule. Akifaulu karibu sana, wapo wanaofaulu. Akipata 18 kwa 100 basi karatasi inaambatanishwa kwenye faili, na aliyeandika kimemo akiletewa faili lenye karatasi hiyo mara nyingi anajifanya hakumbuki.

Bint Mrima: Shikamoo kaka. Nimefanya dyuti frii miaka 9, nne kama supavaiza, nina digrii moja sina masters. Nijaribu au nitajichosha?

Jibu: Marahaba dada. Tangazo likisema shahada ya uzamili ni sharti, mfumo utakukata kabla sijakuona, hilo siwezi kulipindisha. Lenga umeneja wa biashara ngazi ya chini yake, na kuanzia leo andika namba zako: mauzo kwa abiria mmoja yalikuwa kiasi gani ulipoanza, sasa ni kiasi gani, ulibadilisha nini. Miaka 9 bila namba kwenye paneli inasomeka kama miaka 9 ya kusimama kaunta, na mimi najua sivyo.

Omondi wa Embakasi: Sasa buda, huku Kenya kabla ya kuitwa unabeba karatasi za KRA (kodi), HELB (mkopo wa chuo), EACC (maadili na rushwa), CRB (madeni) na ile ya DCI (polisi). Nyinyi mnaangalia nini? Na ile stori ya JKIA na Adani imewafunza nini?

Jibu: Huku upekuzi unafanywa na serikali yenyewe, mwombaji haulizwi alete rundo hilo. Kuhusu JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, kampuni ya Adani ya India ilitaka kupewa iuendeshe, wafanyakazi waligoma Septemba 2024, na Novemba Rais Ruto akatangaza mpango umefutwa baada ya Marekani kumfungulia Adani mwenyewe, mwenye kampuni, mashtaka. Mimi nimeongeza swali moja kwenye usaili: mwekezaji anataka kuendesha jengo lako kwa miaka 30, wafanyakazi wanakusubiri nje getini, utawaambia nini? Ukianza na "nitawaelimisha" nakukata maksi.

Sangara Mbichi: Sisi wa Mwanza na viwanja vidogo tunaajiri mtu wa nini, hatuna hata dyuti frii ya maana.

Jibu: Jina lako limekujibu mkuu. Minofu inatoka hapo kwenda Ulaya miaka yote, Air Tanzania wamepokea ndege ya mizigo Boeing 767 tangu Juni 2023, swali ni samaki wako anapandia ndege wapi na kwa nini. Usitafute wa maduka. Tafuta mtu anayewajua wenye viwanda vya samaki kwa majina, anayejua box moja la minofu linakaa juani dakika ngapi kabla halijaharibika, na anayeweza kuamka saa tisa usiku kwenda kulishika kwa mkono kama bado lina baridi.