Umeacha Pombe, Usingizi Umegoma: Pa Kuanzia

Wengi ninaowasaidia kuacha pombe hawaponzwi na sherehe. Wanaponzwa na saa nane za usiku, macho makavu, wakijiambia glasi moja tu itawalaza. Ndiyo maana suala la usingizi naliingiza kwenye tiba mapema.

Hatua ya 1: Hakikisha hauko hatarini

Kama ulikuwa unakunywa sana kila siku, na hasa kama ulizoea kuzimua asubuhi, usiache ghafla ukiwa peke yako. Muone daktari kwanza. Arosto ya pombe, yaani dalili za mwili kukosa pombe uliyouzoesha, kwa kawaida huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo huja zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4. Ukiona dalili hizo, au mikono inatetemeka sana huku moyo ukienda mbio na jasho likikutoka, nenda hospitali usiku huohuo. Arosto hii inaweza kuua, na inatibika.

Hatua ya 2: Elewa kinachokukesha

Pombe huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, GABA, na kuikandamiza inayosisimua, glutamati. Ukinywa kila siku, ubongo huzoea kuvuta upande wa pili, kama timu mbili zinazovutana kamba. Pombe ikiachia ghafla, ubongo unaangukia kwenye msisimko. Umechoka hoi, lakini lepe la usingizi hulipati.

Kuna na ndoto. Pombe ilikuwa ikiubana usingizi wa ndoto, sasa unarudi kwa fujo: majinamizi, au unaota umelewa chakari na kuamka umejaa hatia. Hujanywa. Nimeona watu wakikata tamaa kwa sababu ya ndoto tu, ilhali ni ubongo unaojirekebisha. Usingizi huanza kutengemaa baada ya wiki chache. Kwa wengine huchukua miezi.

Hatua ya 3: Funga saa ya kuamka

Ukinibana nikuchagulie jambo moja, ni hili. Amka saa ileile kila siku, hata kama ulikesha, hata siku ya mapumziko, kisha toka nje upate mwanga. Saa ya kulala huwezi kuilazimisha. Ya kuamka unaiweza. Usifidie kwa kulala mchana.

Hatua ya 4: Punguza muda wa kitandani

Arosto ikishapita, andika kwa wiki moja saa unayopanda kitandani, unayoshuka, na jumla ya usingizi kwa kukadiria. (Saa ya ukutani igeuze, kuhesabu dakika usiku ni kujitesa.) Tuseme wastani wako ni saa tano na nusu na unaamka saa 12 asubuhi: basi usipande kitandani kabla ya saa 6:30 usiku. Muda wa kitandani usiwe chini ya saa 5, hata kama wastani wako ni mdogo zaidi. Ukiona unalala asilimia 85 au zaidi ya muda huo, ongeza dakika 15 kila wiki.

Siku za mwanzo utasinzia mchana, na hiyo ndiyo njaa ya usingizi tunayoitafuta. Lakini kama una kifafa, una ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au kazi yako ni udereva au mashine, usijaribu bila daktari.

Hatua ya 5: Usigaegae

Ukihisi zimepita kama dakika 20 bila usingizi, ondoka kitandani. Kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha akili, rudi ukisinzia. Hamu ya pombe ikipanda saa hizo, mpigie uliyekubaliana naye mapema. Usisubiri usiku ndipo umtafute.

Hatua ya 6: Kahawa, soda, sigara

Wanaoacha pombe hutumia hivi kupindukia. Nusu ya kafeini, kichangamsho kilichomo kwenye kahawa na baadhi ya soda, hubaki mwilini takribani saa 5 baadaye, kwa hiyo mwisho uwe saa sita mchana. Nikotini nayo inaamsha, hata kama sigara unaiona inakutuliza.

Hatua ya 7: Dawa za usingizi

Hapa huwa mkali. Diazepam ya kuazima kwa jirani hugusa sehemu zilezile za ubongo zinazoguswa na pombe: unaweza kuhamisha utegemezi, na ukiichanganya na pombe unaweza kuacha kupumua. Hospitali huitumia kutibu arosto, kwa dozi na uangalizi. Dawa za mafua zinazosinzisha, mwili huzizoea baada ya siku chache na usingizi wake hupungua.

Mweleze daktari historia yako ya pombe bila kuficha; zipo dawa anazoweza kukuchagulia. Mtaje pia kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini, maana hilo lina tiba yake. Na kama huzuni imekuzidi au unawaza kujidhuru, nenda leo, usingoje miadi.