Kufuma huku unaandaa nyumba ya Krismasi
Nimeligundua hili juzi napiga deki: wiki hizi za Krismasi usitafute lisaa lizima la kufuma, halipo, we weka skafu moja nyepesi isiyo na pateni kwenye mfuko, tundika mlangoni, afu kila ukisubiri kitu, sakafu ikauke, keki iive, mapazia yamalize kwenye mashine, unafuma mstari mmoja au miwili. Inafanya kazi sababu mistari yote inafanana, huhesabu chochote. Ukiitwa malizia mstari kwanza, zungushia rababendi kwenye ncha za sindano vitanzi visichomoke. Ila sweta la maua maua usithubutu, utakuja kufumua usiku (mi nimefumua). Na kama umeshika jiki nawa mikono kabisa, uzi wa rangi utapauka.