Mchele usipofika: muhogo wa akiba Unguja na Pemba

Mwaka 1942 Japani ilipoiteka Burma, mchele uliokuwa ukiletwa Zanzibar kutoka huko ulikatika. Risasi zililia mbali, lakini wali ukapungua kwenye sinia za huku, na watu wakahimizwa kulima chakula chao. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya ngano na mbolea duniani ilipanda. Asiye na kitu shambani hana la kufanya siku hiyo, maana muhogo huchukua miezi 8 hadi 12.

Watu huusifu muhogo kwa kukaa ardhini mpaka uhitajiwe. Ni kweli, ila si kwa muhogo wenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huo ukiuacha ardhini ndiyo unauozesha: majani ya juu yanaweza kupendeza, ukichimba unakuta nyama ya muhogo ina madoa makavu ya kahawia. Kwa hiyo akiba inaanzia kwenye mbegu. Kabla ya kukata mashina, kagua majani ya chini kama yana umanjano kandokando ya mishipa, kisha chimba shina moja, upasue mizizi yake. Ikiwa na madoa, usichukue mbegu hapo, hata kama shamba ni la mjomba na anakupa bure. Inzi weupe hueneza ugonjwa huu, na sisi tunauhamisha kwa mafungu ya mashina. Bwana shamba atakuelekeza zinakopatikana mbegu zinazouhimili.

Kata pingili za sentimita 20 hadi 30 kutoka katikati ya shina lililokomaa, zenye macho 5 au zaidi. Panda mita moja kwa mita moja, mvua za masika au vuli zinapoanza. Pembeni weka viazi vitamu; vitakulisha baada ya miezi 4 hivi.

Muhogo mchungu usiufanyie haraka hata njaa ikibana. Nampula, kaskazini ya Msumbiji, mwaka 1992 na 1993, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo na baada yake, watu walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri. Menya, roweka siku 3 mpaka ulainike, kisha anika ukauke kabisa. Kisamvu nacho kitwangwe, kichemshwe sufuria ikiwa wazi.

Mashina yaliyobaki yafunge, yasimamishe kivulini, upande wa chini ukigusa udongo wenye unyevu. Yatasubiri wiki kadhaa.