Kujaza tangi la maji safi kwenye trela ya kempingi, na kujua yamebaki kiasi gani

Wadau mlioko Marekani na Kanada mnaovuta trela za kulala, hili suala la tangi la maji safi wengi wanalichukulia poa, halafu usiku mtu ana mapovu kichwani na bomba la bafuni linatoa pumzi tupu. Mimi msimamo wangu ni mmoja: zile taa za ukutani zinazokwambia E (tupu), 1/3, 2/3 na F (limejaa) zitazame tu kama fununu, trela yako ijue kwa lita zilizoingia na lita zinazotoka.

Kwanza kujaza. Ubavuni mwa trela kuna sehemu mbili za maji na wageni huwa wanazichanganya. Palipoandikwa City Water unafunga mpira na maji yanaenda moja kwa moja kwenye mabomba ya ndani kwa presha ya bomba la kempingi, tangi halipati hata tone. Palipoandikwa Fresh Water mara nyingi ni tundu lenye kifuniko, unachomeka mpira na maji yanateremka yenyewe mpaka tangini. Trela mpya nyingine zina paneli moja yenye vali za kuzungusha, hizo soma mishale yake kwanza. Kama unalala sehemu yenye bomba lako mwenyewe tangi utalihitaji barabarani tu, kazi yake hasa ni kule porini, yale maeneo ya ardhi ya serikali Arizona au Utah ambako hakuna bomba wala jirani wa kuomba ndoo.

Mpira chukua ule mweupe au wa bluu ulioandikwa ni wa maji ya kunywa, ule wa kijani wa bustanini achana nao, maji yatanuka raba safari nzima. Kabla hujafunga, panguza mdomo wa bomba na blichi kidogo, fungua maji yamwagike kwanza, maana hujui nani alikuwa hapo kabla yako. Na soma kibao jamani! Pakiandikwa Non-potable hayo siyo ya kunywa hata yawe meupe vipi. Pale kwenye dampu pa kumwagia uchafu wa choo huwa kuna mpira unaning'inia, huo watu wanasuuzia mipira yao ya choo, usiuguse kwa ajili ya tangi lako hata kama una haraka na foleni nyuma inapiga honi.

Hakikisha vali ya kumwagia chini imefungwa na trela imesimama sawasawa haijainamia upande, halafu fungua bomba kwa kiasi, siyo mpaka mwisho. Ndani ya tangi kuna hewa na inatoka kwa kimpira chembamba, sasa maji yakiingia haraka kuliko hewa inavyotoka yanakurukia kifuani na wewe unadhani limejaa kumbe liko nusu. Ukisikia linabwabwaja punguza, acha lipumue, endelea. Limejaa kweli pale maji yanapotoka mfululizo, siyo kwa kutema tema.

Uzito sasa. Galoni moja ni kama lita 3.8 na lita ni kilo, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa umeongeza kilo 151 hivi. Trela zinazouzwa Marekani zina stika inayosema ni kilo ngapi unaruhusiwa kupakia, na maji yakijaa yanakula ngapi kati ya hizo, isome kabla hujaweka jenereta na mkaa. Kama tangi liko nyuma ya ekseli, likijaa linapunguza uzito unaolalia ndoano ya gari, ambao unatakiwa uwe kama asilimia 10 hadi 15 ya trela nzima, ukishuka sana trela inaanza kuchezesha mkia barabarani. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, kwa hiyo kama unakoenda kuna maji usibebe yote, jazia karibu na unakolala.

Tuje kwenye taa. Sensa ni vijiskrubu vya chuma vilivyotoboa ubavu wa tangi kwa urefu tofauti, maji yakivifunika umeme mdogo unapita na taa inawaka. Maana yake kwenye tangi la galoni 40, taa ya 2/3 ikizima unaweza kuwa na galoni 26 au 14 na paneli ikakwambia kitu kilekile, tofauti ya ndoo mbili na zaidi. Dawa yake ni kamita kadogo ka maji kanakofungwa kwenye mpira, anza na tangi tupu, kaweke sifuri, jaza, andika. Huna mita tumia ndoo, zile za galoni 5 za madukani ni karibu ndoo yetu ya lita 20, kila ndoo ikiingia weka alama ya selotepu kwenye tangi kama linaonekana, mengi yako chini ya kitanda na plastiki yake ukimulika tochi unaona maji yalipofika.

Halafu pima matumizi. Weka ile ndoo ya galoni 5 chini ya shawa, ikijaa kwa dakika mbili na nusu ujue unatumia galoni 2 kwa dakika, yaani mtu akioga dakika tano robo ya lile tangi la galoni 40 imeenda. Zima maji ukijipaka sabuni, hakuna njia ya mkato.

Pampu inayosukuma maji ya tangi kwenda mabombani nayo isikilize. Ikiunguruma kidogo kidogo wakati hakuna bomba lililofunguliwa kuna sehemu inavuja, na ikianza kuvuta hewa izime. Ukiwa umeunga City Water na tangi linajijaza lenyewe, kawaida ni ile vali ya kuzuia maji kurudi ndani ya pampu imekufa, funga maji mapema kabla tangi halijavimba. Hita ya maji usiiwashe mpaka bomba la maji ya moto litoe maji bila hewa, elementi ya umeme ikiwa kavu inaungua mara moja.

Kusafisha: robo kikombe cha blichi isiyo na manukato kwa kila galoni 15, toa filta kwanza, fungua kila bomba mpaka harufu ifike, lala nayo, asubuhi mwaga na suuza mpaka harufu iishe. Na tangi likiwa tupu hivyo bonyeza paneli, ikikuonyesha 1/3 wakati chini hapatoki hata tone, andika kikaratasi ubandike pembeni yake.