Swichi ya shinikizo yenye cheti cha SIL: namna ya kusoma cheti na kufanya jaribio

Swichi ya kimakanika ya shinikizo au joto inaweza kukaa miaka mitano bombani bila kufyatuka hata mara moja, na muda wote huo haitoi dalili yoyote kama bado ni nzima. Diaframu inasukuma springi, springi inafyatua maikroswichi, basi. Hakuna saketi ya kujichunguza. Kwa hiyo cheti cha SIL (ngazi ya uhakika wa usalama, 1 hadi 4), kinachotolewa kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya IEC 61508, kina maana pale tu unapotimiza masharti ya mwongozo wa usalama unaoambatana nacho. Daini vyote viwili kabla ya kununua.

Kwenye cheti, anza na aina ya kifaa: swichi hizi huwa Aina A, yaani kifaa sahili ambacho njia zake za kuharibika zinajulikana zote. Kisha angalia λDU, kasi ya hitilafu za hatari zisizojionyesha. Hutolewa kwa FIT, na FIT 1 ni hitilafu moja kwa saa bilioni.

Halafu uliza: takwimu hizi ni za upande gani? Hapa ndipo wengi huteleza. Kibomba cha kupimia kikipasuka, swichi inayolinda shinikizo lisishuke itafyatuka yenyewe; ni usumbufu, lakini ni salama. Swichi inayolinda lisipande itanyamaza, na shinikizo litapanda bila wa kulizuia. Vivyo hivyo kwa swichi ya joto: kapilari (kibomba chembamba kinachounganisha swichi na balbu inayohisi joto) ikivuja, hatari ni kwa ile inayolinda joto lisizidi. Tumia safu ya takwimu inayolingana na kazi yako.

Maandishi "SIL 3" nayo yasikupumbaze. Mara nyingi yanahusu swichi mbili zinazosaidiana, na moja peke yake huishia SIL 2. Ukizifunga zote mbili kwenye kibomba kimoja, uchafu mmoja utaziba zote. Kila moja ipewe tundu lake. Tena SIL ni ya mnyororo mzima: swichi, PLC ya usalama (kompyuta inayopokea ishara na kuamuru mtambo usimame) na valvu ya mwisho.

Sasa hesabu. Tuseme λDU ni FIT 150 na jaribio ni kila mwaka, saa 8,760. Wastani wa uwezekano wa kushindwa ni λDU mara muda, gawa kwa mbili: 0.00000015 × 8,760 ÷ 2, karibu 0.00066. SIL 2 inataka mnyororo mzima uwe chini ya 0.01, kwa hiyo swichi haijala sehemu kubwa. Lakini jaribio halifichui kila kitu. Likifichua asilimia 90 ya hitilafu, na swichi ikakaa miaka 10, unapata 0.00059 kwa zile zinazofichuliwa na 0.00066 kwa zile zinazopita, jumla 0.00125. Asilimia 10 isiyopimwa imeizidi asilimia 90 iliyopimwa. Ndiyo maana jaribio la juujuu halifai.

Waya ufungwe ili umeme upite hali ikiwa salama na ukatike swichi inapofyatuka. Waya ukikatika, mtambo utasimama. Kwa PLC ya volti 24 na miliampia chache, chagua kontakti za dhahabu, maana za fedha hushika utando na kuleta ishara za uongo. Usiijaribu kontakti ya dhahabu kwa taa au koili kubwa: tabaka la dhahabu linaungua mara hiyohiyo. Na kontakti yoyote inayobebeshwa koili isiyo na kinga ya cheche inaweza kuganda, na hilo ni kosa la hatari.

Jaribio lenyewe: pata kibali, mjulishe mwendeshaji, ziba swichi kwa valvu yake, toa shinikizo lililobaki, kisha unganisha pampu ya mkono na geji yenye usahihi mara nne ya ule wa swichi. Usiigonge, wala usiipandishe na kuishusha "ilegee" kwanza. Diaframu au pistoni iliyonata hujionyesha kwenye mpando wa kwanza tu. Ukishailegeza umefuta ushahidi. Panda taratibu, andika ilipofyatuka, shuka, andika iliporudi, rudia mara mbili. Soma matokeo kwenye PLC, maana mita kwenye vituo vya swichi haipimi waya uliobaki. Kwa swichi ya joto, zamisha balbu yote kwenye bafu la mafuta linalokorogwa na ukikaribia kiwango pandisha nyuzi 1 kwa dakika. Haraka zaidi utapima uvivu wa balbu.

Kama mpando wa kwanza uko nje ya kiwango, usikimbilie skrubu ya kurekebisha. Andika kwanza namba uliyoikuta na uihesabu kama hitilafu, kwa sababu λDU ya cheti inapaswa kulinganishwa na yanayotokea mtamboni kwako. Ikijirudia, badilisha swichi na ufupishe muda wa majaribio.

Mwisho fungua valvu ya kutenga, ipige kufuli ikiwa wazi, ondoa kizuizi kilichowekwa kwenye PLC ili jaribio lisisimamishe mtambo, na mtu wa pili aithibitishe valvu hiyo kwa mkono wake. Ikibaki imefungwa, swichi iliyofaulu jaribio haioni bomba kabisa.